Jina Ndani ya Ua

Kitambaa chenyewe si kikubwa. Kinatosha meza ya watu wanne, kingo zake hazijapindwa, na kona moja imebabuka pale sufuria ya nta ilipowahi kutuliwa juu yake. Mtu akikikuta mnadani hatakiulizia bei. Uwanja wake ni kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, na juu yake yametapakaa maua ya rangi tatu: njano, chungwa na hudhurungi. Ndani ya maua mengi kuna majina ya watu, yameandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa. Maua machache hayana jina. Na upande wa kulia, karibu na ukingo, kuna jina moja jeupe lisilo na ua.

Kinakaa Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, nyumbani kwa mama yangu mkubwa. Ukiwatajia watu wa Rukwa Mollo, wengi watakuuliza kuhusu gereza. Wengine watataja mahindi na maharage. Hakuna atakayekutajia sanaa. Mama mkubwa mwenyewe hajiiti msanii. Anatengeneza batiki, anauza, pesa inakwenda kwenye mbolea na ada za wajukuu. Kitambaa ninachokisema hakukitengeneza ili akiuze wala ili kitazamwe, na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu ya mimi kukiona bora kuliko batiki zote za maua na maneno nilizowahi kuziona, zikiwemo zake mwenyewe.

Nianze na hizo nyingine, maana zimekuwa nyingi. Ingia duka lolote la zawadi Dar es Salaam, Arusha au Unguja, utazikuta zimetundikwa ukutani: ua kubwa katikati, chini yake KARIBU TANZANIA au HAKUNA MATATA. Vijana wenzetu wanaouza kupitia simu wamekwenda mbele kidogo. Wao huweka alizeti na sentensi ya Kiingereza kuhusu kujipenda, kwa mwandiko wa mlazo uliochukuliwa kwenye kompyuta, ukakatwa kwenye karatasi ngumu na kupitishiwa nta. Kazi ni safi. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini nina jaribio langu dogo ambalo batiki hizo hazijawahi kulishinda: funika maneno kwa kiganja, utazame ua peke yake, kisha funika ua, usome maneno peke yake. Kama mara zote mbili hukupungukiwa na kitu, basi walikuwa abiria wawili wa basi moja, kila mmoja na safari yake. Ua lilikuwa linasema "pendeza". Neno likarudia "pendeza". Hakuna aliyemhitaji mwenzake.

Kanga inalishinda jaribio hilo, na inafaa tuone inalishindaje. Wote tunaijua ilivyo: pindo kuzunguka, mji katikati, na maneno ndani ya kisanduku chake chini ya mji. Maneno hayo tunayaita jina. Hayakuwapo tangu mwanzo. Yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, na mara nyingi sifa hiyo hupewa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Tangu wakati huo ua na neno vimekaa kwenye nguo moja bila kusalimiana. Ua liko mjini linapendeza, neno liko kwenye kisanduku linauma. Na kule kutosalimiana ndiko kunakoifanya kanga ifanye kazi yake. Mwanamke akijifunga kanga yenye kijembe akapita mbele ya mlango wa mwenzake, akiulizwa anaweza kujibu, "Mimi nilipenda maua tu." Ua ni shahidi wake wa kumtetea. Ukiliondoa, kijembe kinabaki uchi, na aliyekivaa hana pa kujificha.

Huo ni ustadi mkubwa, na sidhani kama batiki za kisasa zimejifunza kitu kutoka kwake. Lakini tukubali pia kwamba jina la kanga limepigwa na mashine, kwa herufi ambazo si za mtu yeyote. Mvaaji amelichagua, hajaliandika. Anaazima sauti ya dukani. Ndiyo maana anaweza kuikana.

Mwandiko wa nta haukaniki hivyo, na hapa inabidi nieleze kidogo nta inafanya nini, kwa ajili ya wale ambao batiki wameivaa tu. Anayechora kwa nta anachora mahali ambapo rangi haitafika. Unayeyusha nta, unaipaka kwenye kitambaa cheupe, unakichovya kwenye beseni la rangi ya njano. Palipopakwa panabaki peupe, kwingine kote kunakuwa njano. Kikikauka unapaka nta tena, sasa juu ya njano, kisha unachovya kwenye rangi nzito zaidi. Palipopakwa safari hii panabaki njano. Ndivyo unavyokwenda, kutoka rangi nyepesi hadi nzito, na mwisho unakichemsha kitambaa nta yote itoke. Rangi lazima iwe ya maji ya baridi, vinginevyo nta itayeyukia ndani ya beseni. Hakuna kifutio. Tone likidondoka pasipotakiwa, limeshakuwa sehemu ya picha.

Kwa hiyo kwenye batiki herufi na petali ni kitu kimoja. Vyote viwili vimetoka kwenye sufuria ile ile, kwa mkono ule ule, na vyote viwili ni mahali palipokingwa rangi isipite. Kwenye kanga neno na ua ni majirani. Kwenye nta ni ndugu wa tumbo moja. Anayeviweka pamoja halafu akavifanya visijuane amepoteza zawadi aliyopewa na kazi yenyewe.

Wajava wameyajua haya zamani. Batiki inayochorwa kwa mkono wanaiita *batik tulis*, na *tulis* maana yake ni kuandika. Kwao hata ua linaandikwa. UNESCO iliiingiza batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009, lakini ninachokipenda zaidi hakitoki Java. Kinatoka Bengkulu, pwani ya Sumatra, ambako kuna batiki iitwayo *besurek*, jina linalomaanisha kitu chenye maandishi. Mafundi wake huchanganya herufi za mtindo wa Kiarabu na ua la rafflesia, lile ua kubwa lenye harufu mbaya la misitu ya huko. Herufi zinajikunja kufuata petali, petali zinanyooka kufuata herufi, mpaka hujui jicho limeacha kusoma saa ngapi likaanza kutazama. Ila herufi nyingi za nguo za kila siku hazisomeki. Hazijaandika neno lolote, kwa heshima: maneno matakatifu hayafai kukaliwa wala kufuliwa pamoja na soksi. Besurek imetatua ugomvi wa neno na ua kwa kulinyamazisha neno. Ni suluhisho zuri ajabu, na mimi silitaki. Nataka neno libaki neno.

Mollo kuna tatizo jingine ambalo Bengkulu hawalijui, nalo ni baridi. Tuko juu ya uwanda, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nta ikiwa ya moto vya kutosha inazama kwenye uzi, na ukigeuza kitambaa unaona upande wa pili umelowa. Ikipoa njiani inakaa juu juu kama utando wa maziwa, na rangi inapita chini yake. Petali haina shida: ni mkupuo mmoja wa brashi. Herufi ina shida. Herufi ina vituo, ina kona, ina mahali pa kuinua mkono. Nilijaribu kuandika jina langu lenye herufi sita. Herufi ya nne ilikuwa imeshaganda kabla haijagusa kitambaa, na nilipochovya ikabaki doa. Mama mkubwa alicheka, akasogeza jiko la mkaa karibu na magoti yake, akaandika.

Anaandika herufi moja, anarudi kwenye sufuria, anaandika nyingine. Matokeo yake ni mwandiko ambao hakuna kompyuta itakayeuiga. Kila herufi ina kichwa kinene pale brashi ilipotua ikiwa imejaa, na mkia mwembamba pale nta ilipoisha. Unaweza kuona alianzia wapi. Herufi zake ni kubwa kwa sababu ndizo alizofundishwa. Alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, baada ya Serikali kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. S yake hadi leo huwa inageuka. Nimeona watu wakiuita mwandiko wa namna hiyo "wa asili", kwa sauti ile ya kusifu huku wakipapasa kichwa cha mtoto. Hauna uasili wowote. Ni mwandiko wa mtu aliyefundishwa jioni, akiwa amechoka na jembe, na ambaye tangu hapo hakuandika isipokuwa alipokuwa na sababu.

Na nta yake nayo ina historia. Ni mchanganyiko: nta ya nyuki, ambayo hujikunja bila kuvunjika, na nta ya mishumaa, ambayo hupasuka. Baadhi ya mishumaa hiyo ni vipande vilivyobaki kanisani. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi, na nilipokuwa nikifikiri juu ya kitambaa hiki nikakumbuka kwamba kazi ya nta yenye maandishi na maua tumekua nayo sote. Ni Mshumaa wa Pasaka. Una msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe za msalaba. Mara nyingi fundi huongeza mzabibu au maua yanayopanda kuzunguka. Hakuna anayesema tarakimu zile ziondolewe ili maua yapendeze. Zina kazi. Zinasema mshumaa huu ni wa mwaka huu, na mwakani utawashwa mwingine. Maua yale yanakua juu ya tarehe.

Sasa nirudi kwenye kitambaa. Batiki Mollo huuzwa sana kwa mkopo. Kuanzia Desemba hadi Machi watu hawana pesa, zote zimekwenda shambani. Kinamama huchukua kitenge cha batiki au shuka na kuahidi kulipa wakati wa mavuno. Mama mkubwa alikuwa na daftari la wadeni, likaliwa na panya. Alikuwa pia na kitambaa cha kujaribia rangi, kile ambacho kila fundi anacho: kabla hujachovya mali ya watu unachovya hicho kwanza, uone rangi imekubali. Msimu ule, badala ya kununua daftari jingine, aliandika wadeni kwenye kitambaa cha majaribio, kwa nta, maana nta ndiyo iliyokuwa mkononi.

Mimi nilikikuta miaka kadhaa baadaye, kikiwa kimeshachemshwa, kimeviringishwa kwenye mti wa ufagio nyuma ya mlango. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Mama, haya majina ni ya nani?"

"Ya wadeni wangu."

"Na maua?"

"Aliyelipa nampa ua."

Ilibidi nikae na kitambaa kile usiku mzima ndipo nielewe alichoniambia. Wadeni wa kwanza aliwaandika kwenye kitambaa cheupe, kabla ya rangi yoyote. Majina yao ni meupe. Kitambaa kikachovywa njano. Waliokopa baada ya hapo, majina yao ni ya njano. Mtu alipokuja kulipa, mama mkubwa alichukua brashi na kumpakia ua juu ya jina, akalifunika lote, na mchovyo uliofuata haukuligusa tena. Aliyelipa baada ya mchovyo wa kwanza ana ua la njano. Aliyelipa baada ya mchovyo wa pili ana ua la chungwa, na aliyelipa baada ya wa tatu ana la hudhurungi. Kisha ukaja mchovyo wa nne, ule wa kahawia nzito, ukafunga hesabu. Kwa maneno mengine, rangi ya jina inakwambia mtu alikopa lini, na rangi ya ua inakwambia alilipa lini. Jina jeupe ndani ya ua la hudhurungi ni la mtu aliyekopa mapema akachelewa sana. Jina la njano ndani ya ua la chungwa ni la mtu wa kawaida, kama wewe na mimi.

Na wale wasiolipa? Uwanja unaowazunguka ulizidi kuwa mweusi kila mchovyo, na nta ilizidi kuyakinga majina yao. Kadiri mtu alivyochelewa, ndivyo jina lake lilivyozidi kuonekana. Hakuna aliyepanga hivyo. Nta na rangi ndizo zilizoamua.

Yakabaki maua yasiyo na jina, ambayo ni 7. Nilidhani ni urembo wa kujaza nafasi, na kama mhakiki nilikuwa tayari kumsamehe. Asubuhi nikamuuliza.

"Hao walilipa mapema," akasema, akaendelea kupepeta ulezi.

Fikiria nta inavyofanya kazi. Mtu amekopa baada ya mchovyo wa pili. Jina lake limeandikwa juu ya rangi ya chungwa. Akaja kulipa wiki ile ile, kabla ya mchovyo wa tatu. Ua likapakwa juu ya jina, wote wawili juu ya rangi moja. Kitambaa kilipochemshwa, jina na ua vilikuwa chungwa moja isiyo na mpaka. Jina limo mle, limeandikwa kweli, kwa mkono, herufi kwa herufi, na hakuna jicho litakaloliona. Aliyelipa upesi ameacha ua peke yake.

Hapa ndipo jaribio langu la kiganja linapofika mwisho wa uwezo wake. Ukifunika majina ya kitambaa hiki, maua yanakuwa madoa ya rangi tatu bila sababu ya kuwa tatu. Ukifunika maua, majina yanakuwa orodha ya aibu. Na kwenye yale 7 huwezi hata kuvitenganisha ili ujaribu. Besurek ililinyamazisha neno kwa kulinyima maana. Hapa neno limenyamaza kwa sababu limemaliza kazi yake. Sijui batiki nyingine ambayo kimya chake kina maana iliyo wazi hivi.

Isije ikaonekana nakisifia kitambaa kisicho na dhambi. Kina dhambi, tena ile ambayo kanga imeikwepa kwa zaidi ya miaka 100: kimetaja watu kwa majina. Kanga hupiga mafumbo. Kitambaa hiki kinanyoosha kidole. Baada ya mchovyo wa pili mama mkubwa alikitundika kwenye kamba nje kikauke, upande wa barabarani, bila kufikiri. Jirani mmoja akapita, akasoma. Jioni akaja na pesa mkononi, hakutaka kukaa.

"Dada," akasema, "umenianika."

Sijawahi kusikia uhakiki wa kazi ya sanaa uliokuwa mfupi na sahihi kuliko huo. Ua lake ni kubwa kuliko yote kwenye kitambaa, petali zake zimerudiwa mara mbili, na majani mawili ambayo hakuna mwingine aliyepewa. Ni ombi la msamaha, na mtu yeyote anaweza kuliona hata asipojua habari zake, kwa sababu limezidi. Limeharibu uwiano wa upande wote wa kushoto. Mwalimu wa sanaa angelikata alama. Mimi ningelikata alama pia, halafu ningerudisha. Tangu siku ile kitambaa kilikaushwa ndani, na majina yake siyaandiki hapa.

Jambo jingine ni nyufa. Kwa kuwa kitambaa kilikaa miezi mingi kati ya mchovyo na mchovyo, na baridi yetu ni hiyo, nta ilipasuka kila kilipoguswa, na rangi ikaingia kwenye mipasuko kama mishipa. Nyufa hizi unazijua kwenye vitenge. Viwanda vya Uholanzi, kama Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, vilipoiga batiki ya Java kwa mashine, resini iliyotumika badala ya nta ilipasuka ovyo. Java wakaona ni kasoro, Afrika Magharibi wakazipenda, na hadi leo mashine huzitengeneza kwa makusudi. Nyufa za kupanga huwa zinatawanyika kwa haki, kila mahali sawa. Za kitambaa cha Mollo zimejaa pale kilipokunjwa, na zinapita katikati ya majina bila kuchagua. Kuna jina limekatwa mara tatu. Ukiuliza kama mwenye jina alikuwa msumbufu, utaambiwa hapana, ni mkunjo tu.

Kitambaa kiliwahi kupata mteja. Mtu wa duka moja la zawadi, la mjini mbali na kwetu, alikiona kwenye simu ya binamu yangu akaagiza kumi vya namna hiyo, ila majina yaondolewe, mahali pake yawekwe UPENDO, AMANI, UMOJA. Binamu akakata herufi kwenye karatasi ngumu, mama mkubwa akapaka maua, vikauzwa vyote kumi, pesa ikalipa ada ya muhula mzima. Nilivitazama kabla havijaondoka. Vilikuwa vizuri, mstari kwa mstari vilikuwa vizuri kuliko cha kwanza. Lakini maneno yote yalikuwa meupe, na maua yote ya njano, kwa sababu vyote vilipakwa kwa siku mbili mfululizo. Hakuna kilichochelewa. Hakuna kilichosubiriwa. Rangi tatu za kitambaa cha kwanza zilikuwa miezi saba ya watu kukopa, kuvuna na kuja mlangoni. Ukizipaka ndani ya siku mbili unapata rangi tatu. Binamu hakukubaliana nami. Aliniuliza nani atanunua majina ya watu wa Mollo. Sikuwa na jibu, na ada ilikuwa imelipwa.

Limebaki lile jina jeupe la upande wa kulia. Ni la kijana aliyechukua shuka mbili mwezi Desemba, kabla ya rangi yoyote, kisha akahamia Tunduma kutafuta biashara. Angalia maua yaliyo jirani naye: yote yamejipinda kidogo, yamekwepa, yameacha duara tupu kuzunguka jina. Kila mara mama mkubwa alipopakia ua la mtu mwingine upande ule, alimwachia yule nafasi ya ua lake. Mchovyo wa nne ulipopita, nafasi ile ikawa nyeusi kama kwingine, na juu ya rangi nzito kuliko zote hakuna ua linaloweza kupakwa likaonekana. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakumpakia tu, amalize mchoro.

"Hajalipa, mwanangu. Nimpakie ua kwa lipi?"

Pesa ilikuja baada ya miaka miwili, usiku, kwa M-Pesa, ikiwa na nyongeza ya shilingi elfu tano ambayo hakuombwa. Mama mkubwa alinipa simu nimsomee, maana herufi za simu ni ndogo. Nilimsomea jina, kiasi, saa na tarehe. Akanyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akaviringua kitambaa, akakitazama upande wa kulia, akakiviringisha tena. Ujumbe ule bado anao. Kila simu inapojaa na wajukuu wakitaka kufuta, anauliza kwanza kama huo upo.